Siku Niliyoziba Masikio Kwenye Posa Yangu

Jamani, kuna aibu ya kuteleza mbele ya watu na kuna aibu ya sketi kufunguka kanisani, hizo zote nimewahi kuzipata nikazizoea, lakini aibu ya siku ya posa yangu, ile mpaka leo nikiikumbuka najifunika uso kwa khanga hata nikiwa peke yangu jikoni. Na msijifanye mnanionea huruma, najua mnataka kucheka. Haya chekeni, ila mnisikilize mpaka mwisho.

Mambo yalianza na kaka yangu Faraja. Miaka ile ndugu zetu wa Burundi walikuwa wanavuka tena mpaka, malori ya chakula cha kambini hayakatiki barabarani, na Faraja alikuwa tandiboi kwenye lori mojawapo. Mzungu mmoja wa shirika alipokuwa anarudi kwao akamwachia mashine ya gemu kwa bei ya kutupa, basi Faraja akapata televisheni kuukuu, akasimamisha kibanda pale Ngara mjini, ukuta turubai, paa turubai, na vijana wakajaa kama kumbikumbi. Yeye akisafiri mimi ndiye nilikuwa namwangalizia kibanda. Sasa na mchovya asali hachovyi mara moja, nyie mnajua.

Gemu lenyewe lilikuwa la mapanga na mazimwi. Ni nchi nzima iko mle ndani, milima, mito, misitu, unakwenda unakotaka, ukichoka vita unaweza hata kukaa ukavua samaki na hakuna wa kukuuliza. Lakini utamu wake (na ubaya wake) ni kwamba wale mazimwi wanakusoma. Ukizoea kuwapiga mishale ya kichwa, kesho yake wote wamevaa kofia za chuma. Ukizoea kuwaendea kwa kushoto, wanakungoja kushoto. Mimi nilizoea kukimbilia mtoni nikizidiwa, basi siku moja nakimbilia mtoni, nakuta wamesimama majini wananisubiri, wanyama wale! Na juu yao wote kulikuwa na mkubwa wao mwenye kovu, huyo sijawahi kumfikia, kila mara kuna kizimwi kidogo kinanikata miguu kabla.

Hapo kibandani ndipo nilipompata Deo. Alikuja na pikipiki kutoka kwao Nyarubungo, kule Biharamulo, akaleta abiria, akasema acheze mara moja tu halafu aondoke. Alikufa vibaya, jamani. Anapiga kichwa tu, kichwa tu. Nikamwambia, "Kaka, wanakusoma." Akanigeukia akasema, "Basi nifundishe dada wasinisome," na tangu siku hiyo abiria wa kuja Ngara wakawa hawamwishii.

Tukapendana. Tatizo likawa mama yake. Mama Deo ni kiongozi wa maombi kanisani kwao, familia yao ilikuja ukimbizini zamani za babu wakalima wakaheshimika, na alikuwa ameshasikia kwamba mchumba wa mwanawe anashinda kwenye turubai na vijana akipiga kelele za kuua watu. Deo akamwambia nimeacha. Akanipigia simu akanibembeleza, "Spesioza, mpenzi, pedi ya gemu usiiguse mpaka posa ipite. Mama akikukuta nayo, kwisha." Nikaapa. Niliapa kwa dhati kabisa, haki ya nani.

Kwetu kijijini Kirushya posa ina mambo yake. Binti anafichwa chumbani, hasemi, hatoki mpaka aitwe. Bwana harusi mtarajiwa naye hasemi, anainamisha kichwa kama amefiwa, anasemewa na msemaji. Upande wa binti nao una msemaji wake, na kazi yake ni kuwasumbua wageni, kuwatega, kujifanya hapa hakuna binti wala hakujawahi kuwa na binti, kusudi ng'ombe waongezeke. Wageni wanakuja na mtungi wa pombe ya ndizi. Wakielewana unafunguliwa, watu wanakunywa, mmeoana hapo. Lakini wageni wakiunyanyua mtungi kabla haujafunguliwa wakaondoka nao, ndoa imekufa na hakuna wa kuifufua.

Siku ikafika. Nikavishwa vitenge vipya, nikatiwa shanga, nikafunikwa mtandio, nikawekwa chumbani kwa Faraja. Wageni wakachelewa. Shangazi Astera aliyekuwa ananilinda akasema, "Ngoja nikaangalie ndizi zisiungue, wewe tulia, usitoke." Sikutoka. Hilo mnishuhudie, kutoka sikutoka.

Sasa kibanda siku hiyo kilikuwa kimefungwa, na Faraja kwa kuogopa wezi alikuwa ameleta vitu vyote nyumbani. Televisheni iko hapo mezani inaniangalia. Mashine iko chini ya kitanda. Jenereta limewashwa nje kwa ajili ya muziki, waya umepita dirishani. Nikasema moyoni, mara moja tu, nimtafute yule mwenye kovu, wageni wenyewe hawajafika. Na ili mtu asisikie panga hata moja nikachomeka hedifoni kwenye pedi, zile kubwa za Faraja zinazofunika masikio yote kama vifuniko vya sufuria. Nikajiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Mtu akiziba masikio anapiga kelele bila kujijua. Hilo mimi sikulijua, nimelijulia kwenye posa yangu.

(Haya ya nje sikuyaona, nimesimuliwa na Faraja, na kila akisimulia anaongeza, lakini Deo ameniapia kwamba mengi ni kweli.) Wageni walifika wakakaa chini ya turubai. Msemaji wao, Mzee Balthazari, babu mrefu mwenye ndevu nyeupe na kofia pana ya kahawia anayoivaa kwenye heshima tu, akasimama na fimbo yake akakohoa akaanza: "Wenyeji wetu, sisi wa Nyarubungo tumekuja kwa amani."

Dirishani ikatoka sauti yangu: "Mwongo! Nakujua wewe! Ukija hivyo umeficha watu nyuma!"

Mzee akageuka nyuma, na kweli kule njiani kulikuwa na akina mama wa kwao na vikapu vya zawadi, wanangoja kukaribishwa. Akasema kwa unyenyekevu, "Ni kweli, tuna watu nyuma. Ni akina mama." Watu wakacheka, wakadhani ni vituko vya posa vya watu wa Kirushya. Na Baba mdogo Yohana, msemaji wetu, badala ya kuja kunifunga mdomo, akaona asiaibike, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepanga jambo lile wiki nzima.

Mzee Balthazari akaendelea. "Tulipita njia, tukaona katika boma hili mbegu nzuri ya maharage..."

"Na kofia umevaa, eeh? Unaficha kichwa! Mimi kofia hainitishi!"

Mzee akaivua kofia. Taratibu, kwa mikono miwili, akaiweka kifuani.

"Sasa nakukata miguu!"

Faraja anasema mzee alirudi kukaa, akavuta miguu yote miwili chini ya kiti. Hapo kicheko kikapungua. Mama Deo akawa ameshakunja uso, anamwangalia mwanawe. Na Deo wangu masikini alikuwa ameshaelewa kila kitu tangu neno la kwanza, jasho linamtoka, lakini atasemaje na desturi inamkataza? Akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu ili nisikie. Nisikie na nini?

Mimi huko ndani mambo yalikuwa yameninyookea. Kwa mara ya kwanza nimewapita wa kushoto, nimewapita wa mtoni, mwenye kovu namwona kwa mbali, na katikati yetu kimebaki kile kizimwi kidogo chenye kisirani. Nikasimamia magoti, nikakipigia kelele kwa roho yangu yote: "Huyu mdogo simtaki! Amenichosha huyu! Nileteeni mkubwa wenu!"

Loo!

Kaka yake Deo, mkubwa wake wa tumbo moja ambaye hajaoa, alikuwa anakunywa soda. Soda ikampalia, ikamtokea puani. Macho yote kwake. Mama Deo akainuka, akajifunga kitenge kiunoni, akasema kwa sauti ndogo, "Balthazari, chukueni mtungi." Vijana wawili wakaunyanyua.

Deo akavunja desturi. Akaruka kutoka kwenye kiti akanyoosha mikono mbele ya mtungi, "Subirini! Mama, subiri! Siyo mimi anayenikataa! Anapigana na zimwi!"

Nampenda sana mume wangu, lakini pale hakusaidia. Mama Deo akasimama. "Zimwi?" akasema. "Mtoto wa watu ana mapepo, na nyie wenyeji mmekaa tu?" Akageuka, akaongoza akina mama wa vikapu moja kwa moja mpaka chumbani, na watu wote nyuma yao. Shangazi Astera akaja mbio na mwiko mkononi, akajaribu kuziba mlango, wakampita.

Nikasikia mkono kichwani. Nikajua ni Faraja.

"Toka!" akasema Mama Deo. (Alikuwa anamwambia pepo.)

Mimi sikusikia, nilihisi tu kwamba mtu ananisukuma kichwa wakati namalizia vita. "Toka wewe!" nikasema, nikamtupia kiwiko.

"Toka kwa jina la Bwana!"

"Toka, huoni namuua?"

Akina mama wakapandisha maombi. Nikageuka. Mungu wangu, kwanza niliona kitenge, halafu nikaona mkono, halafu nikaona uso wa mama mkwe wangu, macho ameyafumba, midomo inatetemeka. Nyuma yake Mzee Balthazari na kofia yake kifuani. Dirishani vichwa vimepangana. Na mimi bibi harusi nimekaa chini miguu imetawanyika, mtandio nimeufunga kichwani kama mbeba mizigo, pedi mkononi, na masikio bado nimeyaziba, kwa hiyo heshima nikaitoa kwa kelele zile zile:

"SHIKAMOO MAMA!"

"Marahaba," akasema, kwa mazoea tu, kisha akafumbua macho. Shangazi akanivua hedifoni kwa nguvu akasema, "Sikio la kufa!" akashindwa kumalizia, akaanza kulia.

Kupitia mlangoni nikauona mtungi mikononi mwa vijana, na Deo amesimama mbele yake, mikono bado ameinyoosha. Nikaelewa. Mdomo umeponza kichwa. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilimwona Deo ananiangalia na machozi yanamlengalenga.

Mama Deo akaiangalia televisheni. Kizimwi kilikuwa kimesimama juu yangu kinashangilia, maana nilipogeuka nilikufa. Akaniuliza, "Huyo mdogo usiyemtaka ni nani?"

Nikanyoosha kidole. "Huyo, mama."

"Na mkubwa?"

"Yule kule mwenye kovu."

Mzee Balthazari akainama akasogea karibu na kioo. "Na mwenye kofia ndio hao?"

"Ndio hao, babu. Shikamoo."

Akashusha pumzi ndefu. Lakini Mama Deo hakushusha. Akauliza, "Na mwanangu?"

Sasa hapo kidesturi binti anatakiwa ainamishe uso, amnong'oneze shangazi, shangazi aseme "tutafikiri", msemaji adai ng'ombe wengine. Baba mdogo Yohana kule dirishani alikuwa ananikonyeza mpaka jicho linataka kudondoka. Mimi hofu ilikuwa imeshanivuruga. Nikasema, na safari hii nilisema nikijisikia, "Deo namtaka mama. Nampenda. Namtaka hata bila ng'ombe."

Dirishani nikasikia mtu anaguna kama amepigwa teke. Ni Baba mdogo.

Mzee Balthazari akavaa kofia yake. Mara uzee wote ukamtoka. "Wenyeji, mmesikia wenyewe," akasema, "rudisheni mtungi tuongee." Mama Deo akanifungua ule mtandio akanifunika vizuri, akasema, "Kiwiko chako kina nguvu. Utalima." Nikalia kwa sauti, na waliokuwa nje wakadhani nimeanza tena.

Mtungi ulifunguliwa. Lakini ng'ombe, jamani, ng'ombe! Kila Baba mdogo alipotaja ng'ombe, mzee anamjibu kwa upole, "Lakini mwenyewe amesema hata bila." Alipojaribu kutega kwa njia nyingine, mzee ameshamsoma, anamngoja kulekule. Ng'ombe waliokuja mwishoni wengine walikuwa wamekonda kiasi kwamba baba yangu alicheka kwa uchungu. Mpaka leo nikienda nyumbani nikaomba hata mkungu wa ndizi, baba ananiambia nikaombe kwa wale wa bila ng'ombe.

Gemu sikuacha, nisiwadanganye. Mama mkwe akija hukaa nyuma yangu na ufumaji wake, anajifanya haangalii, halafu utasikia, "Mtoni usiende, si walikungoja jana?" Lakini hedifoni niliapa mbele ya shangazi kwamba haitagusa masikio yangu tena mpaka nazikwa, na kiapo hiki ninakishika. Kwa sababu Mzee Balthazari naye hajasahau. Siku akitutembelea huivua kofia angali barabarani, anasimama mbali na mlango, miguu ameibananisha, na kabla hajapiga hodi anamwita Deo pembeni anamuuliza, "Mwenzako leo masikio yako wazi?"