Tusekile na monita ya baba mkwe

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia mabati ya Mwanjelwa jijini Mbeya, na jikoni kwa Tusekile Ambokile kuna vitu viwili vya moto: birika la chai na chuma cha kulehemu. Vyote vinasimamiwa na mtu mmoja, na ameshawahi kuvichanganya.

"Siku moja nilikoroga chai kwa bisibisi," anasema. "Mume wangu akanywa, akasema leo imekolea."

Mezani kuna monita ya kompyuta iliyolazwa kifudifudi juu ya blanketi la mtoto. Mwenye mali, Joyness, anayeendesha duka la steshenari jirani na soko, amesimama pembeni amekumbatia mkoba utadhani yuko wodini.

"Imekufa, dada. Nimeipiga kichwani mara tatu, wapi!"

"Ungepigwa wewe ungeamka?" anauliza Tusekile, bila kugusa bisibisi. Anachomoa waya wa umeme wa Joyness, anauchungulia, kisha anachomeka wa kwake. Kitaa cha bluu kinawaka. "Monita nzima. Waya umeliwa na panya. Nenda ukanunue paka."

Ndivyo anavyofanya kazi mama huyu wa miaka thelathini na nane. Anaanza na soketi ya ukutani, anaenda kwenye waya, halafu ndiyo anafikiria kufungua. Anasema nusu ya maiti anazoletewa zinapumua vizuri tu. Kwa mwezi hupokea monita kumi hadi kumi na mbili, na zile zenye ugonjwa wa kweli hutoza kati ya shilingi elfu ishirini na elfu thelathini.

Ufundi hakuusomea. Alikuwa karani katika ofisi ya wanunuzi wa tumbaku Chunya, na vumbi la huko lilipoua monita yake, akaitwa fundi kutoka mjini. Fundi alifungua, akabadilisha kidude kimoja kidogo kuliko punje ya haragwe, akafunga, akachukua pesa ambayo Tusekile huifanyia kazi wiki nzima.

"Roho iliniuma," anasema. "Nikasema kumbe ni hivyo tu?" Mkataba wake ulipoisha aliomba monita mbovu zilizorundikwa stoo. Alizifungua moja baada ya nyingine nyumbani. Ya kwanza ililipuka fyuzi, ya pili ikamrusha hadi kwenye kabati la vyombo, ya tatu ikawaka, picha ikatokea.

Tangu hapo ametengenezea jikoni, na hapo ndipo kilipokuwa kilio chake. Nyumba wanayoishi ni ya baba mkwe, Mzee Jailos, mstaafu wa idara ya upimaji ardhi anayeishi Mlandege, mjini Iringa. Ina chumba cha mbele kinachotazama barabara, chenye mlango wake, na kilikuwa kimefungwa kufuli. Tusekile alikiomba kupitia mumewe, Lugano, ambaye ni mwalimu. Jibu lilirudi kupitia kwa Lugano huyo huyo: chumba cha mbele kinasubiri biashara ya maana, na zaidi ya hapo, mwanamke akipigwa shoti nani atampikia mwanangu?

Kwenda kujitetea mwenyewe hakuweza. Katika familia za Kinyakyusa zinazoshika mila, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Akisikia anakuja, anampisha. Hawasalimiani, hawali meza moja. Wengi siku hizi wameiacha mila hiyo. Mzee Jailos alikuwa hajaiacha.

"Miaka kumi na miwili ya ndoa, ninachokijua kwake ni viatu na kikohozi," anasema Tusekile. "Harusini niliinamisha kichwa mpaka shingo ikakakamaa."

Basi Juni mwaka jana monita ya Mzee Jailos ikafa. Ilikufa vibaya, maana mzee alikuwa anachapa orodha ya ukoo wao, vizazi saba, isomwe kwenye mkutano wa ukoo uliobakiza siku tisa. Fundi wa kwanza mjini Iringa alimwambia anunue mpya. Wa pili alikaa nayo siku nne, akairudisha ikiwa imepungua skrubu mbili. Mzee akaapa kwamba kifaa hicho hakitatoka tena mlangoni kwake.

Lugano na mkewe walikuwa Mlandege kwa likizo ya shule. Tusekile alikuwa na kopo lake la vifaa ndani ya begi, maana halimwachi. Mama mkwe, Bibi Esnath, ndiye aliyesema: "Jamani, fundi si huyu hapa anamenya viazi?"

Mzee alifikiri tangu chai ya asubuhi hadi mchana. Hatimaye akakubali kwa masharti. Monita na kompyuta yake viwekwe mezani sebuleni. Yeye akae chumbani kwake, pazia lishushwe. Maneno yapitie kwa Bibi Esnath, atakayesimama mlangoni.

Nyumba yenyewe si kubwa. Mtu akipiga chafya jikoni, aliyeko chumbani anamwombea afya. Hata hivyo, utaratibu ni utaratibu.

"Mama, naomba umuulize baba, kile kitaa cha chini kilikuwa kinawakaje kabla haijazima?"

Bibi Esnath akageukia pazia. "Anauliza kuhusu taa."

"Mwambie taa zote zinawaka, umeme upo."

"Anasema umeme upo."

"Si taa ya nyumba, mama. Kile kitaa kidogo kwenye monita."

Pazia likasema: "Aa, kile! Mwambie kilikuwa kinanikonyeza. Wiki nzima kinanikonyeza tu."

Bibi Esnath alisimama kidogo, mikono kiunoni. "Anasema kuna kitu kilikuwa kinamkonyeza wiki nzima. Mimi ndiyo nasikia leo. Muulize mwenyewe vizuri... aa, huwezi."

Safari ziliendelea. Je, ilitoa sauti ya kudonoa? Ilitoa. Je, ilichelewa kuwaka asubuhi? Ilichelewa, na mzee aliipa muda kwa sababu hata yeye asubuhi huchelewa. Kwenye swali la saba Bibi Esnath akaketi chini akanyoosha miguu. "Mmenifanya mnara wa simu," alisema. "Hata mnara hulipwa kodi ya kiwanja."

Tusekile alikwishapata jibu. Monita inayokonyeza na kuchelewa kuwaka, mara nyingi imechoka kapasita, vile vidude vya duara vinavyotunza umeme ndani. Alihakikisha waya umechomolewa tangu asubuhi, kwa sababu kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na lile kabati la vyombo lilimfundisha. Akailaza monita juu ya kanga, akafungua skrubu zilizosalia, akapitisha kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye ukingo wa plastiki. Kifuniko kikaachia.

Kapasita tatu zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi. Hilo alilitarajia. Ambacho hakukitarajia ni majivu. Yalikuwa yametanda juu ya vipande vyote, meupe na laini, na ndani yake mlikuwa na makapi ya mahindi yaliyoungua. Upande wa chini, plastiki ilikuwa imelegea na kupinda.

Akaelewa papo hapo. Baridi ya Iringa mwezi wa sita haina huruma, na mzee wa miaka sabini na nne alikuwa anawasha jiko la mkaa chini ya meza yake ya kompyuta, amefunga mlango, anachoma hindi huku anachapa ukoo. Nyumba nzima ilijua kwamba Bibi Esnath alikwishapiga marufuku mkaa ndani ya vyumba baada ya jirani kuzidiwa na moshi, na kwamba mzee aliahidi kwa kuinua mkono, mbele ya watoto wake.

"Hilo vumbi jeupe ni nini?" aliuliza Bibi Esnath, akiinama.

Nyuma ya pazia, kikohozi kilikatika katikati.

Tusekile anakiri kwamba shetani alimpitia. Mtu aliyemfungia chumba miaka yote hiyo alikuwa mikononi mwake, na ilihitajika sentensi moja tu. Lakini pia aliingiwa na hofu, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu wakiwa wamelala, na hakutaka kumzika mtu ambaye hajawahi kumwamkia.

"Ni vumbi la umri, mama," alisema. Kisha akapandisha sauti kidogo. "Ila mwambie baba, kifaa hiki hakipatani na joto. Na aliye karibu nacho pia hapatani nalo. Nikisikia joto limerudi chumbani, nitakuja kuichukua monita niende nayo Mbeya."

"Nimesikia! Halirudi!" pazia likapiga kelele.

Bibi Esnath akamtazama mkwewe, akalitazama pazia. "Mbona mimi sijasema bado?"

Tusekile aliinama akalehemu kapasita tatu kutoka kwenye kopo lake, zisizofikisha shilingi elfu tatu kwa jumla, akiangalia mara mbili upande wa hasi, kwa sababu zikigeuzwa hupasuka. Akafuta majivu kwa brashi ya kupaka rangi. Alipoiunganisha na kompyuta na kuchomeka waya, kitaa kikawaka bila kukonyeza, na vizazi saba vikatokea kwenye kioo, kila jina mahali pake.

Wakaiacha mezani, wakatoka wote uani ili mzee aje kuiona. Walimsikia akisoma majina kwa sauti, taratibu, la kwanza hadi la mwisho.

Gazeti hili lilipompigia simu Bibi Esnath kuulizia lile vumbi, alicheka hadi akaomba radhi. "Nilijua. Tangu lini umri ukanuka mahindi ya kuchoma? Nilitaka nione huyu mtoto atasema nini." Jiko sasa liko uani, na mzee huotea huko huko, amevaa makoti mawili. Mwenyewe ameruhusu habari hii iandikwe, kwa sharti kwamba iandikwe pia kuwa Iringa kuna baridi.

Kuhusu chumba cha mbele, mzee alimwita Lugano kabla hawajaondoka, akamwambia biashara ya maana imepatikana. Kufuli lilifunguliwa Agosti. Tangu hapo Tusekile amekuwa akipaka rangi na kujenga meza kidogo kidogo, na anatarajia kufungua rasmi mwezi ujao. Anataka kuwafundisha wanawake wengine wawili watatu wa mtaani, waache kutupa monita kwa sababu ya kidude cha shilingi elfu moja.

Mzee Jailos ametuma ujumbe kwamba atapanda basi kuja Mbeya kwenye ufunguzi. Amesema kwake mila hiyo imetosha, na kwamba siku hiyo hataki pazia wala mtu wa kupeleka maneno.

Tusekile anaweka chuma cha kulehemu chini. Anafuta macho kwa mgongo wa mkono, halafu anacheka.

"Watu wananiuliza nitamwambia nini. Nitamwambia, shikamoo baba. Basi. Ninayo kooni miaka kumi na miwili."