Pakiti Mbili Juu ya Mkeka

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, shangazi yangu Halima alipoweka pakiti mbili za dawa juu ya mkeka na kuniuliza, "Hizi zinajuana?"

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nauza vitenge sokoni Kikuubo, na nilijiona mjanja sana. Dawa za virusi vya UKIMWI nilikuwa nazichukua kliniki moja ya mbali, ambako hakuna aliyenijua. Nilipoanza kukohoa na kutoka jasho nikaenda hospitali nyingine, nikaambiwa nina kifua kikuu. Daktari akaniuliza kama kuna dawa nyingine ninazotumia. Nikamwangalia karani aliyekaa mlangoni, ambaye alikuwa wifi yangu, nikajibu, "Hakuna." Nikarudi nyumbani na dawa za kifua, nimefurahi kwamba siri yangu iko salama.

Nilimeza zote kwa saa, bila kukosa. Kikohozi kilipungua. Lakini baada ya miezi mitatu homa ikanishika, vidonda vikajaa mdomoni, nguo zikanipwaya. Nikazilaumu dawa za kifua, nikapanga kuziacha. Ndipo shangazi akaja kutoka Bombo kunitazama, na akiwa anatafuta chumvi akazikuta pakiti zote mbili nilikozificha.

"Bambi, maskini mtoto wangu," akasema, wala hakupandisha sauti. "Kule wanamjua mgonjwa wa virusi. Huku wanamjua mgonjwa wa kifua. Na mwili wako wote, anaujua nani?"

Nililia. Akanifunga leso kichwani, tukapanda boda.

Tulikwenda hospitali ile ile ya wifi, na muuguzi alizipanga pakiti mezani, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba dawa ile ya kifua ilikuwa inaimaliza haraka mwilini dawa yangu ya virusi, hata kila nikimeza ni kama nimemeza nusu. Wakanibadilishia, wakanipima damu tena na tena. Ilichukua karibu mwaka nipate nguvu ya kubeba bunda la vitenge.

Na wifi pale mlangoni? Aliniona, ndiyo. Na alisema. Maneno yalizunguka mtaani kwetu Kibuli majuma mawili, kisha watu wakapata mengine ya kusema. Mimi bado niko hapa.

Sasa nasikia unameza dawa za kisukari, na vile vidonge vya kiungulia unavyonunua dukani, na kliniki yako ya virusi hujawaambia. Sisemi ni sumu. Nasema mimi sijui, na wewe hujui. Basi, mwanangu, zitie zote kwenye mfuko, za hospitali, za duka, hata mitishamba aliyokupa jirani, uzimwage mbele ya muuguzi. Muulize ipi inamezwa saa ngapi, na ipi haikai pamoja na nyingine. Usiache hata moja kwa kujipa udaktari. Ukiona haya, nipigie, nitakuja tukae wote kwenye benchi.

Mungu akulinde, aulegeze ulimi wako mbele ya wanaokutibu, na akuzeeshe ukiwa na meno yako yote.