Tonge Nililolikataa Chanika

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo ningependa niisahau, lakini nimeona ni haki niieleze kama ilivyokuwa. Nilikuwa mwalimu kijana wa sayansi, nimepanga chumba Chang'ombe, mtu wa bara niliyelelewa kwa ndizi na maharage. Mwalimu mwenzangu, Salumu, Mzaramo mzaliwa wa Chanika, alinialika kwao. Sikuwa na rafiki mwingine katika mji huu, na siku ile nilikaribia kumpoteza.

Ijumaa iliyotangulia, mwenzetu mmoja mwenye mdomo mwepesi alinivuta pembeni katika chumba cha walimu.

"Chanika unaenda? Nenda tu, kaka, ila usitie kitu mdomoni. Wale wakikulisha, kwenu unakusahau. Utaoa hukohuko, ufuge na kuku!"

Alicheka, nami nikacheka. Lakini neno lile liliniingia. Mimi niliyewafutia wanafunzi alama kwa kila jibu wasiloweza kulithibitisha, sikumuuliza hata swali moja. Asubuhi ya Jumapili nilikula chapati mbili mgahawani, nikashiba makusudi, ndipo nikasafiri.

Mama yake Salumu alikuwa ametandika jamvi barazani. Juu ya sinia palikuwa na bada, yaani ugali wa muhogo, kisamvu kilichotwangwa kikaungwa kwa nazi, na samaki mkavu wa kuchoma. Nilimiminiwa maji ya kunawa kwa heshima zote. Nikasema tumbo linanisumbua.

"Pole, Mwalimu. Limeanza lini?"

"Njiani, mama."

"Basi onja kidogo tu."

"Nashukuru, mama. Siwezi."

Mama akasogea karibu na sinia. Kisha akamega tonge kutoka upande wangu wa sinia, akachovya kwenye kisamvu, akala. Akamega la pili, akalila na samaki. Alitafuna polepole, macho yake usoni mwangu, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Mama, acha," Salumu alisema kwa sauti ya chini.

"Niache nini? Mgeni wangu ananiogopa. Haya, Mwalimu, nimekula upande wako. Unaniona nina nini?"

Nikaokota viatu vyangu, nikaaga.

Unaijua desturi yetu: mgeni husindikizwa. Salumu alinifikisha mwisho wa ua, akasimama. "Barabara unaiona," akasema, akageuka. Kesho yake shuleni alinisalimu kama mtu aliyehamishiwa pale jana. Nikamwendea yule mwenye mdomo mwepesi, nikamuuliza kama aliwahi kufika Chanika.

"Mie? Nifuate nini huko? Si watu ndio wanasema."

Watu. Kwa ajili ya watu hao wasio na jina nilikuwa nimemlazimisha mama wa watu kuonja chakula chake mwenyewe mbele ya mwanawe, kama mshitakiwa.

Jumapili iliyofuata nilirudi peke yangu, bila mwaliko, bila kula.

"Shikamoo, mama. Nilikudanganya. Sikuwa mgonjwa."

"Marahaba. Nilijua. Tumbo linalouma halimvizii samaki kwa jicho lile."

Hakunikaribisha jamvini. Alinipeleka shambani nyuma ya nyumba, nikachuma majani ya muhogo. Nikayatwanga mpaka mabega yakaingia ganzi. Kisha nikakalia mbuzi ya kukunia nazi, majirani wakichungulia na kuitana waje waone.

"Taratibu, Mwalimu!" mama alisema. "Nazi hiyo, si adui yako."

Kila kilichoingia chunguni kilipita mikononi mwangu: majani, tui, chumvi. Hapakuwa na kingine. Nilikula mpaka nikaona aibu. Mama akasema, "Sasa ukiulizwa, sema ulichokiona."

Salumu alirudi tukiwa tunakula, akaketi upande wa pili wa sinia. Nilipoaga, mama alimwambia, "Msindikize mwenzio." Akainuka. Tulitembea mpaka barabarani, akasimama nami mpaka gari lilipokuja.

"Nasikia ndizi zenu hazina ladha," akasema hatimaye, bila kunitazama. "Lakini nimesikia tu. Itabidi nije nionje."

Mwanangu, juzi hapa Kibamba nilikusikia ukiwasomea wenzako maneno ya kwenye simu kuhusu chakula cha watu fulani, nao wakicheka. Nilikuuliza nani kayaandika, hukujua. Nilikuuliza kama umewahi kula kwao, hukuwahi. Sikukukemea mbele ya wenzako. Nakukemea sasa.

Usimwamini mtu asiyeweza kukwambia amejuaje. Usiyapeleke mbele maneno ambayo hukuyashuhudia, hata kwa mzaha, kwa sababu mzaha ule ule ndio ulionifikisha mimi jamvini kwa mama mtu mzima nikiwa na uongo mdomoni. Chanika si mbali. Nenda, piga hodi, nawa, kula, ndipo useme. Ikiwa kuna sababu ya kweli ya kutokula, itaje waziwazi, usisingizie tumbo. Na kama hujafika, nyamaza.

Salumu tulimzika kwao, karibu na shamba lile la muhogo. Safari ile nilimsindikiza mimi, na sikuishia uani.

Mungu akupe miguu ya kufika kwa watu na ulimi wa kusema ulichokiona. Na popote utakapokula, usikose wa kukusindikiza.