Macho Yasiyoinama

Diploma yangu ya ufundi wa mitambo niliipata Uingereza, na hakuna mjomba aliyenilipia. Nilianza kwa kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga Nachingwea, nikapanda hadi kuendesha tingatinga, nikajisomesha, nikavuka bahari. Kijijini kwetu Chinongwe hakukuwa na mwingine kama mimi. Nasema hivyo bila haya.

Huko bwenini nilizipenda riwaya za watu wa kutengenezwa. Fundi anaunda mtu kiwandani: ngozi, sauti, hata kicheko. Mtu yule anaingia mjini, anapata kazi, anachumbia. Kinachomfichua mwishoni ni macho. Yanatazama tu. Hayalowi, hayaoni aibu. Mimi fundi nililielewa jambo hilo upesi: mkono unaigika kwa nyaya na springi, lakini jicho la mtu hujua linamtazama nani.

Nilirudi katikati ya miaka ya hamsini, nimevaa suti na miwani. Mama alikuwa mgonjwa, amelala mkekani barazani. Kwetu mtoto akimwamkia mzazi hupiga magoti na kutazama chini. Ugenini nilikuwa nimezoea kwamba asiyekutazama usoni ana la kuficha. Nikapiga magoti, nikamkazia macho kwa furaha.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akamgeukia shangazi yangu. "Wifi, huyu nani?"

"Ni mwanao huyo! Amerudi na macho manne, mawili hayakumtosha."

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Sura yake. Sauti yake. Lakini mwanangu hanitazami hivi. Wameniletea mwingine."

Nikamwonyesha diploma, ndani ya fremu yake. Akaitazama, akanitazama, akajifunika kanga usoni.

Tangu siku hiyo uji aliupokea kwa shangazi tu. Kila asubuhi nilimwamkia, na kila asubuhi alinyamaza. Nilijitahidi kutazama chini, lakini macho yalipanda yenyewe. Mimi, niliyeweza kufufua injini yoyote waliyoitupa Wazungu, sikuweza kuyatengeneza macho yangu mwenyewe.

Hali ilipozidi kuwa mbaya nilikodi lori tumpeleke hospitali ya misheni. Tulipofika Nanganga, njiani, mama akasema haoni tena. Dereva akasimama. Kichwa cha mama kilikuwa mapajani mwa shangazi. Mimi nilipiga magoti juu ya mbao za lori.

"Shikamoo, mama."

Akamwuliza shangazi: "Wifi, ameinamisha macho?"

Shangazi akanitazama. Nilikuwa nimemkodolea mama macho, machozi yananitiririka hadi kidevuni. Nilijua nikiinama, nikiinuka sitamkuta.

"Ameinamisha, wifi," shangazi akasema. "Anatazama chini kabisa."

Mama akanyoosha mkono hewani, ukatua begani kwangu.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa kweli."

Nikaendelea kumtazama.