Miezi Saba ya Nyakoe

Chinsaga, mboga ya majani ya kwetu Kisii, ikichemka na maziwa hutoa harufu nzito, chungu kidogo, na kila nikiinusa narudi Nyakoe, kwenye vyumba viwili tulivyokaa na mama kwa miezi saba nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Kabla ya hapo tuliishi Ogembo. Baba alikuwa amefariki, na mama aliendesha hoteli karibu na stendi ya boda boda, duka la vitambaa, shamba dogo la majani chai, na juu ya hayo alikuwa mwenyekiti wa vikundi viwili vya akina mama. Simu zake mbili zililia kwa pamoja. Alikula amesimama. Hata akiwa kwenye mswala, kulikuwa na mtu mlangoni anamngoja atoe salamu amuulize sukari iko wapi.

Siku moja alianguka dukani. Daktari akamwambia, "Mama Rukia, presha yako haitatulizwa na dawa peke yake. Punguza mambo."

Wengi huambiwa hivyo, wakaitikia, wakaendelea vilevile. Mama alipunguza kweli. Alifunga hoteli, akamwachia mdogo wake duka na shamba, akajiuzulu vikundini, simu moja akaizima kabisa. Tulihamia Nyakoe na cherehani, vitanda viwili na masufuria matatu. Makochi aliyagawa.

"Nilikuwa nayapangusa vumbi tu," aliniambia. "Sikumbuki kuyakalia."

Jirani yetu, Mama Kemunto, alimfundisha kupika chinsaga. Mara za kwanza ilikuwa chungu ajabu, nasi tukaila siku tatu mfululizo huku tunasifu. Adhuhuri mama alishona kidogo, kisha akalala. Kabla ya hapo sikuwahi kumwona amelala mchana. Mara ya kwanza nilisogeza sikio puani mwake nihakikishe anapumua, akafumbua jicho moja, tukacheka hadi Mama Kemunto akaja kuuliza kuna nini.

Mngedhani nilifurahi. Nilikuwa naona aibu. Shuleni nilidanganya kwamba hoteli yetu inakarabatiwa.

Ikafika Idi. Binamu zangu walikuja kutoka Kisii mjini na magauni mapya yanayometameta. Mimi nilivaa gauni la mwaka uliopita, mama alikuwa ameliongeza pindo. Shangazi aliposema limenikaa vizuri, nilijibu kwa sauti, mbele ya wageni wote, "Ni la zamani. Mama amechoka kufanya kazi, ameamua tuwe maskini."

Mama alicheka pamoja na wageni, akawaongezea pilau. Walipoondoka, alikaa kitandani kwangu.

"Rukia, unaona haya kwa sababu yangu?"

Ningeweza kunyamaza. Nilisema, "Ndiyo."

Hakunigombeza. Wiki mbili baadaye tulikuwa Ogembo tena, hoteli imefunguliwa, simu mbili zinalia. Nilinunuliwa viatu na begi jipya, nikarudi kwa marafiki zangu nikitamba. Hata sikwenda kumuaga Mama Kemunto.

Mwaka uliofuata mama alianguka tena, safari hii jikoni hotelini, na alipoinuliwa mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia. Maneno yalimpotea, hayakurudi. Aliishi miaka minne hivyo, nami ndiye niliyemlisha kwa kijiko. Watu walisema ni kazi ya Mungu, na mimi nikaitikia, kwa sababu nilikuwa bado mtoto na jibu hilo lilinifaa.

Mama Kemunto alikuja matangani. Alinishika mkono, akaniambia bila ubaya wowote, "Siku ile anafunga mizigo nilimwambia abaki, hapa anapona. Akasema anajua anapona, lakini mtoto wake anamwonea haya, na hilo hawezi kulibeba."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa amechoka kazi, wala hatukuwa maskini. Alikuwa ameupata uhai wake kwa kuachana na vitu vingi, akaja kuniuliza mimi kama anaweza kubaki nao.

Kabla hajafa niliwahi kumwomba radhi, kwa jumla tu, kama watoto wanavyoomba. Aliinua mkono wa kushoto, akauvuta mtandio wangu uliokuwa umeteleza, akanifunika nywele. Sijui kama alikuwa ananisamehe. Huenda aliona tu kwamba mtandio umeteleza.