Glenys na Mataro ya Jirani

"Ukiing'oa hiyo mizabibu, Merv, glasi yako usinisogezee tena."

Glenys Noack ameegemea uzio wa waya, glavu za mpira bado ziko mikononi. Upande wa pili, jirani yake Merv Doecke, mkulima wa miaka sabini na minne, anatazama viatu vyake.

"Glasi ninayo, mvinyo nitanunua," anajibu. "Zabibu za Mataro nani anazitaka siku hizi? Wanunuzi wamenikimbia. Trekta linakuja Jumatatu, mambo yaishe."

"Hilo trekta lina haraka kuliko mwenyewe."

Ni Jumamosi asubuhi ya majira ya baridi, Bonde la Barossa, Australia Kusini. Mapazia mawili matatu yamekwisha sogea. Mtaa huu ukisikia ugomvi wa uzioni, redio huzimwa.

Glenys, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni kibarua wa siku nyingi katika kiwanda cha mvinyo. Anaosha matangi, anavuta mipira ya maji, anahamisha mvinyo pipa hadi pipa. Wakati wa mavuno huingia kazini kabla jua halijachomoza na kurudi na vidole vya zambarau.

"Kanisani wananipa mkono kwa tahadhari," anasema akicheka. "Wanadhani rangi inaambukiza."

Chupa za watu wakubwa anazipakia, hazifungui. Mezani kwake kuna mvinyo mwekundu wa dola kumi na mbili, mchanganyiko wa aina tatu za zabibu, na hana la kuomba radhi.

"Shiraz inaupa mvinyo uzito, Grenache inaleta harufu ya matunda, Mataro inawaambia wenzake wakae wima," anaeleza. "Kukiwa na joto, chupa naitia kwenye friji kidogo. Wajuzi wananuna. Wanune tu, chupa nimenunua mimi."

Kila majira ya baridi, nyumba tatu za mtaa huu hukutana katika banda la gari la Glenys, kila moja na mvinyo iliyoukamua yenyewe. Shiraz ni ya Glenys, kutoka mizabibu ya nyuma ya nyumba. Grenache huletwa na Ines Kotzur, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara. Mataro ni ya Merv. Huchanganya, huonja, hubishana, kisha hugawana chupa za kunywa mwaka mzima.

Leo ndiyo siku yenyewe. Kwa hiyo, ugomvi au si ugomvi, Merv anakuja na mtungi wake.

Ines anaanza kwa kumimina Shiraz na Grenache tu, bila Mataro. "Haya, tuonje mwakani tutakunywa nini."

Merv anaonja. "Tamu."

"Tamu, halafu?"

"Halafu basi. Kama mgeni mwenye adabu asiye na hadithi."

"Umejihukumu mwenyewe, bwana," Ines anasema. "Fungua mtungi wako."

Merv anashika kifuniko. Anazungusha, kinakataa. Anajaribu kwa mkono mwingine, vidole vinateleza. Ines ana mzaha mdomoni, anaumeza. Glenys anauchukua mtungi, anaufungua, anamimina kana kwamba ndivyo wanavyofanya kila mwaka.

"Mkasi wa Lorna uko wapi?" anauliza taratibu. Lorna alikuwa mke wa Merv. Yeye ndiye aliyekuwa akiipogoa ile Mataro, hadi alipofariki mwaka juzi.

"Upo unapokaa," Merv anasema. "Vidole ndivyo havipo."

Kumbe kilichomshinda si wanunuzi, ni kupogoa. Katika bonde hili mtu aweza kusamehewa ulevi, hata kukosa ibada. Lakini mizabibu isiyopogolewa, tena kando ya barabara ya kanisani, ni kama kuanika nguo za ndani sebuleni.

"Kwa hiyo bora shamba tupu kuliko shamba chafu?" Glenys anauliza.

"Watu wanapita pale, Glenys. Wanaona."

Glenys hampi pole. Anazungusha glasi yake, anakunywa kidogo.

"Mimi nina shida ya kuni za kuchomea soseji," anasema. "Jumamosi ijayo nitakuja na wenzangu wa kiwandani, tupogoe, tubebe vijiti vyetu. Wewe utasimama utukosoe."

"Mtakata vibaya."

"Ndiyo maana nimekwambia usimame."

Merv anaonja ule mchanganyiko, sasa ukiwa na Mataro. Anakaa nao mdomoni muda mrefu, kisha anatoa simu na kwenda kusimama mlangoni.

"Jumatatu usije," anamwambia mwenye trekta. "Hapana, sijafa. Nimepata wezi wa kuni."

Glenys anajifanya hakusikia. Baadaye, Merv akiwa anasuuza mitungi kwenye bomba la nje, Glenys anasema akistaafu angependa kuikodi Mataro ile na kuitunza mwenyewe. Bado hajamwambia Merv. "Mzee yule ukimpa neno, mpe moja kwa siku."

Jikoni kunanukia supu ya dengu na soseji ya moshi. Ines amekwisha ingia bila kuulizwa, anatafuta vijiko. Merv anafuta mikono kwenye suruali, anachukua kofia yake, anaelekea uzioni.

"Wapi tena?" Glenys anamwita. "Sahani yako imeshapakuliwa. Ingia, ule."