Maganda na Maziwa ya Yeyo

Kila nikitaka kuyaandika haya naona aibu kidogo, kwani ni habari za maganda, na maganda ni kitu cha kutupa. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, sijui kupamba maneno. Lakini nikiyasimulia kwa mdomo watu huyageuza: mmoja atasema wifi yangu ni mbaya, mwingine atasema mimi nilikuwa mjinga. Yote mawili si kweli kabisa. Bora niyaweke jinsi yalivyokuwa, kadiri ninavyokumbuka.

Hapa kwetu Handeni tuna michungwa nyuma ya nyumba. Msimu ukifika machungwa hayana mwenyewe. Huwezi hata kumpa jirani, maana naye anatafuta wa kumpa. Tunakula mpaka midomo inawasha, na maganda yanajaa ndoo. Nilipokuwa mdogo, kule Korogwe ya zamani karibu na mto, mama yangu alikuwa akiyakausha na kuyachoma jioni ili moshi ufukuze mbu, kwa hiyo sikuzoea kuyatupa. Halafu binti yangu akanionyesha kwenye simu mwanamke anayechemsha maganda ya matunda na kuyanywa kama chai. Nikasema, haya, na mimi nijaribu.

Naliosha chungwa kwanza kwa maji ya chumvi, kwa sababu limelala chini na kuku wamelipitia. Kisha nalimenya juu juu, ule weupe usishike. Maganda nayaanika kwenye ungo mpaka ukilikunja moja linavunjika. Nikipata nanasi, ganda lake silikaushi. Nalisugua kwa brashi kwenye yale macho yake, nalitia bichi sufuriani pamoja na maganda makavu ya chungwa, mchaichai wa pale kwenye bomba, na tangawizi niliyoiponda. Nyumba nzima inanukia. Mara ya kwanza nilimenya manene, weupe na kila kitu, ikatoka chungu ajabu. Mume wangu akanywa kikombe chote bila kukunja uso, akakiweka chini, akauliza kwa upole, "Mama, hii ni ya ugonjwa gani?"

Siku hizi anaipenda. Au anasema anaipenda, sijui. Nikiijaza kwenye chupa ya chai asubuhi, mchana haipo.

Sasa nimseme Yeyo. Yeyo ni mama wa Kimasai anayetuletea maziwa. Neno hilo kwao ni mama, na mtaa mzima tunamwita hivyo, hata wanaolingana naye umri. Ni mjane, boma lao liko nje ya mji huko kwenye nyika kavu. Ng'ombe ni wa wanawe lakini maziwa ni yake, anakamua mwenyewe, na anachouza ndicho kinachomleta mjini na kumrudisha na unga. Anazunguka nyumba za mtaa wetu na dumu lake mgongoni, na kwangu ndiyo mwisho. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu hapo hapo ananigeuzia ya kwao: "Takwenya!" Nami najibu, "Iko!" Anacheka kila siku jinsi ninavyolitamka, na sijawahi kujua nakosea wapi.

Kisha anakaa barazani, ananyoosha miguu, nampa chai ya maziwa. Hatuongei sana. Yeye Kiswahili chake ni cha kutosha biashara, mimi Kimasai changu ni hilo neno moja. Lakini asubuhi asiyokuja, siku yangu haikai sawa. Chai ya maganda sikuwahi kumpa, maana aliniambia mapema: "Chai haina maziwa, hiyo ni maji imechafuka."

Basi wifi yangu akaja kututembelea. Ni dada wa mume wangu, anauza mayai na matunda kwa abiria wa mabasi pale Mombo, na sauti yake imezoea kushindana na honi. Akishuka kwenye gari unamsikia kabla hujamwona. Alileta mananasi, mazuri kweli, tukala siku ile ile, na maganda nikayachemsha kesho yake alfajiri. Maziwa ya Yeyo yalipofika nikayachemsha pia, nikayaweka mezani.

Wifi alipoamka alichukua chupa ya chai, akamimina kikombe, akatia maziwa, akatia sukari, akakoroga. Kijiko kikasimama.

"Wifi! Njoo uone huku."

Nikaenda. Chai ilikuwa imejaa vipande vyeupe vikielea, kama maziwa aliyocheua mtoto.

"Yamekatika," akasema. "Huyu Mmasai wako kakuletea maziwa ya juzi."

"Lakini nimeyachemsha sasa hivi, hayakukatika jikoni."

"Yalikuwa ukingoni. Mimi nauza vyakula, wifi, usinifundishe. Mwaka jana maziwa ya namna hii yalinilaza kitandani nikadhani naaga."

Niliyaonja yaliyobaki sufuriani. Nikaona ni mazima. Nikaonja tena, nikaona labda yana ukakasi kidogo. Ndivyo nilivyo, mtu akisema kwa nguvu hata ulimi wangu unamsikiliza yeye. Hilo la chai kuwa ya maganda halikunijia kabisa. Najua chai ya limau haitiwi maziwa, hata mtoto analijua hilo. Lakini haya yalikuwa maganda. Akilini mwangu ukali wa tunda unakaa ndani, ganda ni nguo yake tu.

Wifi akaimwaga, akatoka kwenda kununua mkate. Sidhani kama alikusudia ubaya. Alimkuta mama mmoja bombani, akamwonea huruma, akamwambia aangalie maziwa anayowapa watoto wake. Ila wifi hanong'oni. Mabasi hayamruhusu. Kufikia mchana nilikuwa naulizwa mimi mwenye nyumba kama ni kweli tumekunywa maziwa mabovu, na mimi badala ya kusema sijui nikasema, "Yalikatika kweli." Lilikuwa neno la kweli, na lilifanya kazi mbaya.

Kesho yake Yeyo akafika kwangu mapema kuliko kawaida. Dumu lilikuwa zito bado, niliona jinsi alivyolitua. Hakusema takwenya.

"Leo watu hapana taka," akasema. "Ile nyumba, hapana. Ile, hapana. Ile ya kona, mama anafunga mlango naona. Maziwa yangu imefanya nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilitamani sana. Lakini aliniangalia moja kwa moja, na mtaani hana mwingine wa kumuuliza. Nikamwambia yote: kikombe, vipande, maneno ya wifi, na jinsi nami nilivyojibu nilipoulizwa.

Akaangalia mikono yake, akaigeuza.

"Ukisema maziwa ya mama ni mbaya," akasema polepole, "umesema mikono yake. Umesema chombo yake hapana safi. Mimi nakamua leo, giza bado. Shika."

Nikaligusa dumu. Lilikuwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe.

Sikujua la kufanya, na mimi nisipojua la kufanya naleta chai. Iliyokuwa tayari ilikuwa ile ya maganda tu, basi nikammiminia hiyo, nikiona afadhali hiyo kuliko kumwacha mkavu siku kama ile. Akaipokea. Hakuuliza. Akafungua dumu, akatia maziwa yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho yangu.

Yakakatika.

Niliona uso wake, na naomba nisiuone tena kwa mtu ninayempenda. Ni uso wa mtu anayeanza kuamini yaliyosemwa juu yake. Akatia maziwa kiganjani, akayaramba. Akatia tena, akaninyooshea mkono kama unavyomlisha ndama, nami nikanywa kwenye kiganja chake. Yalikuwa matamu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kunipigia kelele, nikayajua ni matamu.

Akanusa kikombe.

"Hii chai ina nini?"

"Maganda."

"Maganda ya nini?"

"Chungwa. Na nanasi."

"Nanasi ile inakata ulimi?"

Tukaangaliana. Nikaingia ndani mbio, nikabandika maji, nikatia majani ya chai ya dukani, basi, nikatoka na kikombe. Akatia maziwa yale yale. Chai ikawa rangi yake ya kila siku, laini, bila hata chembe.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kanga kifuani, ameona sehemu kubwa. Alikuja akachuchumaa, akaangalia kikombe kimoja, akaangalia cha pili.

"Shikamoo, mama," akamwambia Yeyo hatimaye.

"Marahaba."

"Kumbe ni chai ya huyu."

"Ni chai ya huyu," Yeyo akasema, na akanionyesha kwa kidevu.

"Wifi, kitu kinaitwa maganda, halafu tunashangaa kimegandisha!" Na akaanza kucheka, kile kicheko chake cha stendi, mpaka mume wangu akatoka na mswaki mdomoni kuuliza kuna nini. Yeyo hakuelewa mchezo wa maneno, nikamweleza kwa mikono na vidole. Akasema, "Aa," kwa adabu tu. Hakucheka. Dumu lilikuwa bado limejaa.

Wifi akaliona hilo. Akaingia ndani, akavaa gauni, akajifunga mtandio, akatoka akalichukua dumu lile na kulitia kichwani.

"Twende, mama. Domo ndilo lililoyafukuza, na domo litayarudisha."

Nami nikafuata nyuma na vikombe viwili na chupa ya chai ya maganda. Ninakiri nilikuwa naona haya kupita mtaani hivyo. Wifi alisimama kila mlango na kupaza sauti kama basi linaondoka: "Jamani, maziwa ya Yeyo ni mazima! Chai ya wifi yangu ndiyo mbovu! Anachemsha maganda, huyu, njooni mwone!" Hakusema hata mara moja kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nilitembea nikisubiri aseme. Lakini nikijiuliza kwa haki, alichosema kilikuwa kweli, alikisema kwa sauti ile ile ya jana, na alibeba dumu mwenyewe. Labda hiyo ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Nikaharibu kikombe baada ya kikombe ili watu waone. Wakacheka, wakanitania, mama mmoja akasema atanileta kwenye harusi ya mwanawe nigandishe wageni wasiondoke na masahani. Wakaleta vyombo.

Nyumba ya kona haikufungua.

Wifi akarudi Mombo. Yeyo akaendelea kuja, na kila asubuhi alikuwa akipita kwenye nyumba ya kona, anasalimia mlango uliofungwa, anaendelea. Nilimwambia aache kusumbuka. Akasema salamu si maziwa, haimwagiki. Mimi nilikuwa na hasira na yule mama wa kona, na hapa niliandika kwanza kwamba ana moyo mgumu. Baadaye nikalifuta. Analea mjukuu mchanga ambaye mama yake yuko mbali kikazi, na mtoto yule chakula chake kikubwa ni maziwa. Kama ningekuwa yeye, na nimesikia nilivyosikia, na mtoto si wangu bali nimekabidhiwa, sijui ningefungua mlango au nisingefungua.

Asubuhi moja, Yeyo akiwa ameshatua barazani kwangu, yule mama akaja mwenyewe, mtoto mgongoni. Alisimama uani kama mtu aliyepotea njia.

"Nasikia una chai inayoharibu maziwa," akaniambia.

"Ninayo."

"Sikuamini watu. Niliona wananunua kwa sababu ya zile kelele. Nataka nione mwenyewe."

"Una haki," nikasema, na nilimaanisha.

Nikaleta vikombe viwili. Yeyo akamimina maziwa bila kumwangalia. Kimoja kikakatika, kingine kikatulia. Yule mama akainama juu ya vikombe muda mrefu, mtoto naye akichungulia begani. Kisha akaomba kuonja maziwa matupu. Akaonja. Akachovya ncha ya kidole, akamlambisha mtoto, na mtoto akakishika kile kidole hataki kukiachia.

"Yeyo," akasema. "Kesho upitie na kwangu."

Yeyo akafunga dumu, akalifungua tena.

"Kesho ni mbali," akasema. "Mtoto anataka leo. Leta chombo."